Sifuri ya Mwezi wa Pili

Kizwite, Sumbawanga, Jumamosi mchana

Mwanangu Skola,

Umeondoka asubuhi kwenda Msanzi kumuaga bibi, ukaniambia utarudi na gari la jioni. Kwa hiyo nina saa chache za kukaa peke yangu na begi lako. Liko hapa kwenye kochi, zipu wazi, na nimeshalipanga upya mara mbili ingawa ulinikataza. Sitakuandikia habari za chandarua, wala chakula, wala watu wa kuwaepuka. Una miaka ishirini na mitatu, na mengi ya hayo unayajua kuliko mimi. Nina habari moja tu. Tangu ulipopata barua ya chuo nimeianza mara nne na kuichana mara nne.

Wiki iliyopita, ukiwa unamenya viazi, uliniomba kitu. Ulisema, "Mamdogo, walimu wa kule wanataka mtu aje akijua data atakazotumia. Mimi nitaomba za huku kwetu, za zahanati za bondeni, miaka kumi na mitano nyuma. Si wewe ndiye uliyeziingiza? Utanisaidia kuzielewa."

Nikakujibu, "Tutaona."

"Tutaona ndiyo nini? Namba za serikali hizo, unazionea wivu kama shamba lako?"

Ukacheka, nami nikageukia sufuria.

Skola, ndani ya data hizo kuna uongo wangu. Ukizifungua utauona, kwa sababu wewe huwa huridhiki na jumla, unataka kuona mistari yake. Utakuta zahanati moja ya bondeni, mbele ya Mtowisa, ambayo taarifa zake za miezi minne mfululizo zinafanana tarakimu kwa tarakimu. Wa mwanzo kati ya hiyo, wa kumi na mbili, ni wa kweli. Mitatu inayofuata niliinakili. Na mmoja wa hiyo mitatu ni mwezi aliokufa mama yako.

Nataka uanzie kwangu, si kwenye skrini, mwalimu akiwa amesimama nyuma yako.

Unamkumbuka mama yako kama mtu wa bondeni, wa joto na mpunga. Mimi namkumbuka akiwa msichana wa juu huku. Alinizidi miaka tisa. Bibi alipokuwa analima, Leokadia ndiye aliyenibeba, na nilipoweza kutembea ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Hatukutumia vidole. Tulitumia yale matuta ya duara tunayofukia majani, kule shambani Msanzi. Tulipita tuta moja moja, na sheria yake ilikuwa kwamba lazima uliguse kwa mguu ndipo ulitaje. Nilipochoka nilikuwa nasimama mwisho wa shamba, naangalia kwa macho na kusema, "Yale yamebaki kumi." Alinirudisha mwanzo. "Umeyagusa?" "Nimeyaona." "Yusti, sikukuuliza kama umeyaona." Mara nyingi yalikuwa kumi kweli. Alinirudisha hivyo hivyo.

Alipoolewa bondeni nililia kuliko bibi. Alikuwa anapanda huku mwezi wa saba, na wewe mgongoni, baadaye na wewe mkononi, amevaa masweta mawili, analalamika kwamba sisi tunaishi ndani ya friji. Alinicheka kazi yangu. Nilikuwa nimetoka chuo na stashahada yangu, miaka ishirini na miwili, nimepata nafasi kwenye ofisi ya takwimu za afya. "Kwa hiyo mdogo wangu analipwa kwa kuhesabu? Mimi nilikufundisha bure."

Sasa nikueleze ilivyokuwa ofisini, kwa sababu wewe umezikuta kompyuta zikiwa kila mahali. Wakati ule kila zahanati ilijaza fomu ya mwezi kwa kalamu: wagonjwa wangapi, wa nini, wajawazito wangapi, vifo vingapi. Fomu zilipanda mjini kwa basi au pikipiki, na mimi niliziingiza kwenye mfumo. Kwenye skrini kila zahanati ilikuwa na mstari wake. Taarifa ikifika, mstari unakuwa kijani. Isipofika, unabaki mwekundu. Na dawa zilifuata namba. Zahanati yenye wagonjwa wengi wa malaria mwezi uliopita hupelekewa nyingi, na yenye wachache hupelekewa chache.

Masika ya mwaka ule daraja la kushuka bondeni lilichukuliwa na maji, mwanzoni mwa mwezi wa kwanza. Fomu za mwezi wa kumi na mbili zilikuwa zimeshapanda, lakini za mwezi wa kwanza, zilizotakiwa kufika mwanzoni mwa mwezi wa pili, hazikupanda. Mkuu wangu wa wakati ule, ambaye ameshastaafu na sitamtaja jina, alisimama nyuma ya kiti changu.

"Binti, mkoa unaangalia. Hizi nyekundu zinafanya nini hapa?"

"Daraja limeondoka, mzee. Karatasi hazijapanda."

"Zahanati nayo imeondoka? Watu si walewale? Azima mwezi wa kumi na mbili. Karatasi zikija utarekebisha."

Kuazima. Ndilo jina tulilokuwa nalo. Kila aliyefanya kazi kwenye ofisi zile masika analijua. Unachukua mwezi uliopita, unaunakili kwenye mwezi huu, mstari unakuwa kijani, na karatasi ikifika unaweka namba zenyewe. Hakuna aliyeona ni dhambi. Mara nyingi tofauti ilikuwa ndogo, kama yale matuta kumi. Nikaazima zahanati tatu za bondeni, nikaenda kunywa chai.

Sasa fikiria, kwa sababu hiki ndicho unachokwenda kukisomea. Mwezi wa kumi na mbili mvua ilikuwa bado haijakolea kule chini. Mbu walikuwa wachache, malaria chache. Mwezi wa kwanza bonde zima lilikuwa maji. Mimi nikaliambia taifa kwamba hakuna kilichobadilika.

Siku mbili baadaye mama yako alinipigia simu. Unakumbuka kile kichuguu nyuma ya zahanati, mlichokuwa mnapanda kutafuta mtandao? Alikuwa juu yake. Nilisikia upepo, na sauti yako ukiimba kitu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Akasema, "Yusti, huku homa imeingia kila nyumba. Tabibu anasema sindano zile za malaria kali zimebaki kidogo sana. Ninyi wa kompyuta huko juu mnaona?"

Nikamjibu, "Tunaona, dada. Dawa zitakuja."

Nimekaa na maneno hayo miaka kumi na miwili. Sikuwa naona chochote. Nilikuwa nimelifunga mwenyewe dirisha, siku mbili tu kabla, na bado ningeweza kulifungua. Ningefuta namba zile, nikaacha mstari mwekundu, na mwekundu ungemfanya mtu aulize. Nilikwenda kwa mkuu. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Simu ya dada yako si taarifa. Tukianza kuandika simu tutaandika na ndoto." Nikarudi kitini. Sitaki umchukie mzee yule, kwa kuwa hakunishika mkono. Wapo wenzangu waliokuwa wanaacha nyekundu zao na kutukanwa kwenye kikao. Mimi nilitaka kusifiwa kwamba naijua kazi.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, kwa sababu ulikuwepo. Lori la halmashauri lilizunguka njia ndefu na kufikisha boksi la dharura. Uliandika habari hiyo kwenye maombi yako ya chuo, na ukanipa nikusomee. Uliandika kwamba ulikuwa na miaka kumi na mmoja, kwamba tabibu alikuwa amechoka akakuambia ulichukue boksi kutoka kwenye lori hadi mlangoni, na kwamba ulishangaa kuwa unaliweza. Lilikuwa jepesi. Ukamalizia: "Nataka kusoma taarifa za afya ili nijue ni nani aliyeamua ukubwa wa boksi lile, na kwa kuangalia nini."

Nilisoma sentensi hiyo hapa hapa kwenye kochi. Wewe ulikuwa unanisubiri, kidevu magotini. Nikakurekebishia alama za vituo. Nikasema, "Nzuri. Ipeleke." Nikatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Sindano ziliisha. Mama yako alikufa mwisho wa mwezi wa pili, na mtoto aliyekuwa tumboni mwake. Sisi tulimlilia Msanzi bila kumwona, kwa sababu kufikia hapo hata ile njia ndefu ya lori ilikuwa imefungwa na maji. Bibi alikaa siku tatu akiangalia upande wa bondeni kama mtu anayesubiri gari.

Laiti uongo wangu ungeishia mwezi wa kwanza, huenda ningekuambia zamani. Lakini baada ya msiba nilirudi kazini, kichwa kimenyolewa, na ilikuwa wiki ya kuingiza mwezi wa pili. Bondeni bado kumefungwa. Mkuu alinipa pole, tena pole ya kweli, alikuja hadi Msanzi kwenye matanga. Kisha tukaingia kazini.

"Zahanati ile, vifo vya wajawazito?"

"Kimoja, mzee. Ni dada yangu."

"Najua, binti. Pole sana. Una karatasi?"

"Sina."

"Basi huwezi kuandika moja. Kifo cha mjamzito kina fomu yake, kina kikao chake, watakuja watu na maswali. Namba bila karatasi si namba. Acha ile ya kumi na mbili."

Ya kumi na mbili ilikuwa sifuri. Hata hiyo sifuri haikuwa na karatasi ya mwezi wa pili, Skola. Hakuna namba hata moja kwenye mstari ule iliyokuwa na karatasi. Niliona hilo palepale, nina akili ya kutosha, na sikulisema. Nilikuwa nimechoka, na niliwaogopa hao watu wenye maswali, kwa sababu swali lao la kwanza lingekuwa: mwezi wa kwanza nani aliujaza? Nikabonyeza. Mstari ukawa kijani.

Kwa hiyo kwa hesabu za nchi hii, hadi leo ninapokuandikia, mama yako hajafa. Mwezi ule zahanati ile haikupoteza mzazi hata mmoja. Mwezi wa tatu nikaunakili pia, kwani kufikia hapo mkono ulishazoea.

Nimekatizwa. Mama Hafsa wa dukani amepita kukuletea maandazi ya safari, bakuli zima limefunikwa kwa gazeti.

"Hodi humu! Jirani, unalia au unaandika?"

"Naandika."

"Basi lia kwanza, umalize, ndiyo uandike. Utamlowanishia mtoto barua." Akakaa kwenye mkono wa kochi, akachungulia begi lako. "Hivi huyu anakwenda kusoma nini hasa? Wateja wananiuliza, mimi nawaambia udaktari."

"Si udaktari. Ni kutunza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta, ili wanaoamua mambo ya dawa wajue wapi kuna nini."

"Udaktari wa makaratasi."

"Karibu na hapo."

"Ngumu?"

"Ngumu."

"Na si ndiyo ulikuwa unaitaka wewe? Ukapata nafasi mara mbili, ukasema huwezi kumwacha yatima. Mimi niliwaambia hata wanangu, angalieni jirani yetu, yule ndiye mama. Mungu akulipe, wallahi." Akasimama, akajifunga vizuri ushungi. "Hafsa wangu nikimwacha wiki moja Mbeya nafurahi mwenyewe. Haya, maandazi usiyale wewe."

Ameondoka, na sikumkatalia sifa yake, kama ambavyo sikuwahi kuikataa kwa mtu yeyote. Huo ndio uongo wangu wa pili, na huu nimeufanya kwako wewe mzima, ukinitazama.

Nilipopata nafasi ya kwanza ya kusoma shahada hiyo ya uzamili unayokwenda kusoma, ulikuwa na miaka kumi na mitano. Nilisafiri kwenda kwenye usaili, unakumbuka, ulilala kwa Mama Hafsa. Walikuwa watu wema. Mmoja akaniuliza, "Kwa utafiti wako utatumia data gani?" Kila mwanafunzi anaulizwa hivyo, na karibu wote hutumia za kazini kwao. Nikaanza kupanga upya vyeti vyangu mezani. Niliona miezi ile mitatu kwenye ukuta nyuma yao, mikubwa, na wote wakiisoma. Walidhani ni woga, wakanipa nafasi hata hivyo. Nikarudi Sumbawanga, nikakaa na barua yao hadi siku ya mwisho, nikajibu kwamba nina mtoto wa kulea.

Mara ya pili ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulinifuata uani, nikiwa napepeta ulezi, ukasema, "Mamdogo, nenda. Mimi nitakaa hosteli. Sitaki niwe kamba ya mguu wako."

Nakumbuka ungo ulivyosimama mikononi mwangu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: si wewe. Neno dogo namna hiyo. Badala yake nilikushika kichwa, nikasema, "Usijali, mwanangu, nimeamua," kama mtu anayetoa sadaka. Tangu siku ile nimekuona ukinilipa. Unaamka kabla yangu, unaosha vyombo ambavyo si zamu yako. Ulitaka kusoma kitu kingine, uliwahi kuniambia unapenda ramani, na siku moja ukaja na fomu za taarifa za afya ukasema, "Nitakusomea wewe." Nikakukumbatia.

Hukuwa kamba. Nilijifunga mwenyewe, na fundo nikalifunika kwa jina lako ili watu wasilione. Kama kuna kitu kimoja katika barua hii cha kubeba kwenye basi, beba hicho. Hukunizuia kwenda popote. Ukifika kule ukagundua unataka ramani, soma ramani. Huna deni la kunimalizia maisha.

Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye kiti kilekile. Wamebadilisha kompyuta, wamebadilisha wakuu, wamepaka ukuta rangi mara mbili. Nilisoma shahada ya kwanza jioni na wikendi, nikapandishwa cheo, na cheo chenyewe ni kuwafundisha vijana wapya kuingiza namba. Kila wiki ya kwanza ya mwezi nauona mstari wa zahanati ile. Tabibu wa sasa hakosi, taarifa zake zinafika mapema kuliko wote. Unageuka kijani mbele yangu na ninahisi kama mtu amefunga mlango kwa nje. Kijana mmoja masika iliyopita aliniuliza, "Dada, barabara imekatika, tunaazima?" Neno lilikuwa bado linaishi. Nikamwambia, "Acha mwekundu." Akasema, "Tutagombezwa." Nikamwambia, "Mwambie ni mimi niliyesema." Nilikaa karibu na simu hadi jioni. Hakuna aliyetugombeza, Skola. Walipiga simu wakauliza kuna nini kule, basi. Nilikaa chooni nikalia kwa hasira, kwamba ilikuwa rahisi kiasi kile.

Ninachokijua kuhusu kazi unayokwenda kuisomea kinaingia kwenye mstari mmoja: usikiogope kisanduku kitupu. Mengine walimu watakufundisha.

Sasa karatasi.

Daraja lilipotengenezwa, yule tabibu wa zamani, Kastori, alipanda mwenyewe na fomu zake ndani ya mfuko wa unga. Aliniwekea mezani. "Hizi ni za mvua. Nisamehe, moja imelowa." Hakujua nilichofanya. Alidhani mistari yake ilikuwa imekaa myekundu miezi yote ile, na alishangaa kwa nini hakuna aliyemuuliza. Nikafungua ya mwezi wa pili. Malaria ilikuwa karibu mara sita ya ile niliyoandika. Na kwenye safu ya vifo vya wajawazito kulikuwa na moja, kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Kastori alinitazama nikiisoma. "Alikuwa anakutaja sana," akasema. "Alisema mdogo wake yuko kwenye kompyuta, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi."

Nilizipeleka fomu kwa mkuu. Akasema miezi imeshafungwa, mfumo haukubali tena, ila inawezekana kuandika barua ya kuomba ifunguliwe, na kueleza sababu. Nilianza barua hiyo siku ileile. Inayo anwani, inayo kichwa cha habari, inayo salamu. Mstari wa mwisho unasema, "Sababu ya kuomba marekebisho haya ni" na hapo nikaishia. Nikaikunja pamoja na fomu, nikaziweka kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge vya mama yako, mahali ambapo nilijua utakuwa unaogopa kupekua.

Najua utakachoniuliza, kwa sababu ndicho ulichokwenda kukiombea chuo. Je, boksi lingekuwa kubwa? Sijui. Nimepiga hesabu hiyo hadi nimechoka. Huenda mwekundu ungewashtua wakaongeza. Huenda wangesema ngojeni karatasi. Huenda lori lingebeba zaidi likakwama, na hata lile dogo lisingefika. Huenda sindano kumi zaidi zingekwenda kwa wengine kabla ya siku ya mama yako. Kila njia ninayoishika inanirudisha mwanzo wa shamba, na Leokadia amesimama pale, anauliza kama nimegusa. Usiniambie si kosa langu, utakuwa unakisia. Usiniambie ni kosa langu pia, hadi uzione karatasi. Wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini aziangalie bila kunionea huruma na bila kunionea.

Leo asubuhi, ulipotoka tu, nilifungua sanduku. Nimemalizia ile barua. Ilichukua mstari mmoja na nusu: "kwamba mimi niliyetia sahihi hapa chini niliingiza namba za mwezi wa kumi na mbili badala ya namba halisi, kwa miezi mitatu, nikijua." Nimeipiga sahihi. Jumatatu ninaipeleka ofisini pamoja na fomu halisi. Sijui watanifanya nini. Pengine kidogo, pengine kazi itaisha. Nakala za fomu zote tatu nimekuwekea ndani ya begi, kwenye ile bahasha ya kaki chini ya sweta, sweta ambalo najua hutalihitaji Dar es Salaam na bado nimelikunja.

Ninajijua, Skola. Nimewahi kufika mlangoni pale na barua mkononi, zaidi ya mara moja, nikageuka. Kwa hiyo sikuombi uniamini. Ukipewa data zako, tafuta zahanati ile, mwezi wa pili, safu ya vifo. Ukikuta moja, ujue nimekwenda, na ujue huyo ni nani. Ukikuta bado ni sifuri, usinifiche. Niandike kwenye utafiti wako kama ambavyo ungemwandika mtu yeyote, ofisa mwingizaji data, na uweke bahasha yenye fomu za Kastori mbele ya walimu wako.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii chini kabisa ya begi, uikute ukiwa mbali. Tangu asubuhi nimekuwa nikijipongeza kwa wazo hilo: wewe ungelia huko, mimi ningelia huku, na kesho ungenikumbatia stendi bila kujua unamkumbatia nani. Sasa hivi, nikiwa nafunga zipu, nimeona nilichokuwa nafanya. Ingekuwa karatasi nyingine inayofika mwezi ukiwa umeshafungwa.

Nasikia Mama Hafsa anakuamkia kwa kelele huko nje, anakuuliza bibi amekufungia nini, na wewe unamjibu unga wa ulezi, kilo tano, sijui nitaubebaje. Basi unaingia. Begi nimelifunga, barua nimeitoa. Nakupa mkononi, uisome hapa mezani, mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Kama kesho hutaki nikusindikize, utaniambia ukiwa unanitazama.

Mama yako mdogo,
Yustina